Zamu 26 Bila wa Kupokea

Ijumaa ile niliingia kazini saa tisa alasiri. Wa kunipokea alitakiwa afike saa tano usiku. Saa tano ikapita, saa sita ikapita, ndipo ofisi ikapiga simu: vumilia kidogo. Hiyo kidogo ilinifikisha saa moja asubuhi. Leo nimepata hati ya mshahara: saa 52 za wiki ile, zote kwa bei moja. Sheria ya huku Marekani inasema zinazozidi 40 kwa wiki hulipwa mara moja na nusu. Nimeisoma mara tatu nikidhani macho yamechoka.

Mzee ninayemtunza hapa Boston hakulala usiku ule. Aliniona nimeegemea mlango, akaniambia nivute kiti, akaomba penseli. Nyuma ya bahasha ya bili ya umeme akachora mistari miwili ya timu mbili za besiboli, Brooklyn juu, Boston chini, akaanza kuandika sifuri. Mkono unatetemeka, lakini kila sifuri aliifunga vizuri. Brooklyn akawapa 1 zamu ya tano, Boston 1 zamu ya sita. Baada ya hapo sifuri tupu, mpaka karatasi ikaisha akaendelea pembeni.

Ilikuwa mechi ya besiboli ya tarehe 1 Mei 1920, uwanja wa Braves Field, hapa hapa Boston. Kwa kawaida kila timu hupiga zamu 9. Siku ile zilifika 26, na ligi kuu ya Marekani haijaona mechi ya zamu nyingi kuliko hiyo hadi leo. Sasa hivi mrushaji, yule anayemrushia mpira mpigaji wa timu pinzani, akianza kuchoka anatolewa, anaingia mwingine. Leon Cadore wa Brooklyn na Joe Oeschger wa Boston walirusha zote 26, hakuna aliyepokewa. Oeschger zamu 21 za mwisho hakuruhusu hata pointi moja! Taa za uwanjani hazikuwepo, kwa hiyo giza lilipoingia mwamuzi Barry McCormick akawasimamisha, 1-1, baada ya saa tatu na dakika 50. Cadore alikuja kusimulia kwamba siku tatu hakuweza kuinua mkono achane nywele.

Brooklyn kesho yake wakacheza kwao zamu 13, wakafungwa. Tarehe 3 wakarudi Boston, zamu 19, wakafungwa tena. Zamu 58 kwa siku tatu bila ushindi, na bado mwaka ule ndio waliotwaa ubingwa wa ligi ya National, moja ya ligi mbili kuu za besiboli.

Nilitegemea mzee anisifu uvumilivu, maana huku tunasifiwa sana kwa hilo, Waafrika hodari, hawalalamiki. Yeye aliniuliza mwamuzi wangu ni nani. Nilikosa jibu.

Ndugu zangu mnaouza shamba ili mje, siwakatazi. Mshahara mnaupiga kwa shilingi mnaona utajiri. Pigeni na kodi ya chumba kwa shilingi hizo hizo. Na mkifika, kabla ya koti la baridi, nunueni daftari. Andika saa ya kuingia, saa ya kutoka, na jina la aliyekupigia simu ubaki.

Asubuhi ile, kabla ya treni ya Lowell, nilipita pale uwanjani. Sasa ni wa chuo kikuu, lakini sehemu ya majukwaa ya zamani bado ipo. Nilisimama nje ya uzio hadi miguu ikakataa.

Jumatatu naenda ofisini. Daftari ninalo, na bahasha ya mzee nimeikunja ndani yake.