Ultra 5 ya Arua

Mwaka 2007 mzee mmoja mwenye duka la kuchapa nyaraka mjini Arua, Uganda, aliachiwa Sun Ultra 5, kompyuta ya kampuni ya Sun, na mradi uliofungwa. Prosesa yake, UltraSPARC-IIi ya megahezi 360, haielewi programu za Intel, kwa hiyo CD za Linux zilizokuwa zikizunguka mjini hazikumfaa kitu. Nilimpelekea Debian 4.0, aina ya Linux, toleo la sparc linaloendana na prosesa hiyo, kutoka Kampala.

“Kijana, hii ilishakufa,” aliniambia. Ilikuwa hai, ila ilikwama kwenye ok, alama ya kusubiri amri kabla mfumo haujapakiwa, ikilalamika kwamba IDPROM, yaani data za utambulisho wa mashine, ni batili. Mashine hizi zikisema hivyo, karibu kila mara tatizo ni chipu ya NVRAM inayotunza data hizo, M48T59, yenye betri ya lithiamu ndani ya plastiki yake. Umeme ukiwepo betri hupumzika. Ukikosekana, betri ndiyo inayotunza saa na anwani ya mtandao. Arua haikuwa kwenye gridi ya taifa, na mashine ilikuwa imekaa stoo. Betri ikiisha, anwani husomeka ff:ff:ff:ff:ff:ff, ambayo ni ya kutangazia wote, na mtandao haufanyi kazi.

Dawa ni kuandika baiti upya, palepale kwenye ok, kwa heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16); mkp huandika namba ya kwanza kwenye nafasi ya pili: 1 0 mkp, halafu 80 1 mkp kwa ukoo wa Ultra, kisha 8 2 mkp, 0 3 mkp na 20 4 mkp, ambazo ni mwanzo wa anwani za mtandao za Sun. Tatu zinazofuata tulizisoma kwenye kibandiko cha chipu. Baiti 8 hadi b ni tarehe, sifuri zinatosha. C, d na e hurudia zile tatu. Ya mwisho ni ya kuhakiki: 0 f 0 do i idprom@ xor loop f mkp. Ukikosea herufi moja hapo, lalamiko linarudi.

Bila betri, yote hufutika umeme ukikatika. Chipu imechomekwa kwenye soketi, hivyo tuliing'oa tukampa fundi wa simu. Alikwangua plastiki kwa tupa ndogo, akakata waya wa betri ya zamani, akachomelea kishikio cha CR2032. Chanya na hasi zisibadilishane.

Baada ya hapo tuliandika baiti zile tena, kisha boot cdrom. Kwenye kugawa diski, sehemu ya kwanza iwe ya ext3 (mfumo wa faili wa Linux), ianze silinda 0, yaani mwanzo wa diski, na SILO, programu inayopakia Linux, ikae humo. Swap, sehemu ya diski inayosaidia kumbukumbu, isianze silinda 0, maana inaweza kufuta lebo ya Sun, ambayo ni jedwali la mgawanyo wa diski. Sehemu ya 3 hufunika diski nzima, iache ilivyo.

Kilichonivutia zaidi kilikuja mwishoni. Programu ya hesabu ya mzee, iliyoandikwa kwa C kwenye kompyuta ya Intel, ilikubali kukompailiwa (kugeuzwa lugha ya mashine) kwenye Ultra 5, kisha ikaanguka kwa “Bus error”. Ilikuwa ikisoma namba ya baiti nne kutoka anwani isiyogawanyika kwa nne. Intel huvumilia hilo, SPARC hukataa, na kwa maoni yangu SPARC ndiyo yenye haki. Tulibadilisha sehemu hizo zitumie memcpy, amri ya C inayonakili baiti moja moja. Hata hivyo faili za zamani zilisomeka kinyume: mteja mwenye deni la shilingi 1 alionekana anadaiwa 16777216, kwa sababu SPARC hutanguliza baiti yenye thamani kubwa, na Intel hutanguliza yenye thamani ndogo. Mzee alicheka, akapendekeza tuwaachie hivyo hivyo. Tulizitoa faili zote kama maandishi kwenye kompyuta ya zamani, tukaziingiza upya.