Makabati mawili ya vitabu na ukuta wa mama mkwe

Sebule yetu hapa Bombo, Uganda, ina kuta nne, lakini wa kuweka kabati la vitabu ni mmoja tu. Wa magharibi una dirisha kubwa, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua la alasiri huingia humo mwaka mzima na kuchubua majalada hadi kitabu chekundu kinapauka. Wa kusini una mlango wa mbele. Wa mashariki umekatwa na mlango wa kwenda vyumbani. Ukabaki wa kaskazini, na huo ulikuwa wa mama mkwe: kabati lake la vioo, vikombe vya sikukuu, makawa ya Kinubi ya rangi zote, na juu yake picha za ukoo kuanzia marehemu babu akiwa na sare ya Keya, yaani KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki.

Vitabu navyo vililala popote. Mimi nafundisha hesabu sekondari, na tangu mtaala mpya wa madarasa ya chini uanze mwaka 2020, nimekuwa naleta nyumbani vitabu vipya bila kuthubutu kutupa vya zamani, kwa sababu maswali mazuri bado yamo humo. Mume wangu ana vyake vya historia na dini. Watoto wana vyao. Vingine vilikuwa juu ya friji, vingine katika sanduku la bati ambalo kijana wetu mkubwa alirudi nalo kutoka bweni.

Kabla ya kumwita fundi atutengenezee makabati mawili ya vitabu, nilikwenda kwa mama mkwe.

"Mama, naomba tuzungumze kuhusu ule ukuta."

"Ukuta umefanya nini?"

Nikamuuliza kila kitu kilichopo pale kinatoka lini. Vikombe hutoka Idi mbili kwa mwaka, na siku wageni wa posa wakija. Makawa hutoka karibu kila wiki. Kumbe katika kabati lile zima, anachotaka kionekane ni seti moja ya chai na birika la marehemu mumewe. Vilivyobaki vimewekwa tu. Tukakubaliana kwamba katika kabati la kulia, rafu mbili za katikati zitakuwa zake, zenye milango ya kioo na ufunguo akae nao yeye. Kabati la zamani likaingia chumbani kwake, analiwekea mashuka.

Picha ndizo zilizotuchukulia muda. Kibla kwa hapa ni kaskazini, imeelemea kidogo mashariki, na sala ya Magharibi mara nyingi tunaisali pale pale sebuleni, tukiwa tumeuelekea ukuta ule. Kila jioni mama alikuwa akisimama kwenye kigoda kuzifunika picha kwa leso, halafu anazifunua baada ya salamu. Nilipomwambia picha zote zitahamia ukuta wa mashariki, pembeni ya mlango, akanyamaza kidogo akasema, "Hilo ungeanza nalo." Basi mengine yote yakawa mepesi.

Mbao alizifuata fundi Ndeeba, Kampala. Mvule siku hizi ni adimu na bei yake inauma, kwa hiyo tuliamua miguu, mihimili ya pembeni na rafu za chini ziwe mvule, zilizobaki ziwe paini iliyotiwa dawa. Sababu ni mchwa. Mchwa hutoka ardhini, hupita kwenye ufa wa sakafu, hupanda kwa kujenga kijia chembamba cha udongo, na kitu cha kwanza anachokutana nacho ni mguu wa kabati. Kiini cha mvule kinamshinda. Ila angalia neno hilo, kiini. Mbao zilipofika niliona moja ina ukanda mweupe upande mmoja.

"Fundi, na hii nyeupe?"

"Mwalimu, hiyo ni mvule ile ile."

"Naona. Lakini ni ile ya nje, mchwa anaila."

Akacheka, akaikata, akaiweka kando itumike mahali pasipogusa chini. Jambo jingine la mvule: ikitoka kwenye randa ni ya njano, na ikikaa kwenye mwanga inakuwa kahawia. Asije mtu akachagua rangi ya ukuta kwa kuangalia mbao siku ya kwanza.

Mabishano halisi yalikuwa kuhusu urefu wa rafu. Fundi alitaka sentimita 120 bila nguzo katikati, apunguze kazi na mbao. Mita moja ya vitabu vya kawaida hufika kilo 25 au 30, na ubao wa inchi moja ukishapigwa randa hubaki kama sentimita mbili tu. Kupinda kwa ubao hakuongezeki sawasawa na urefu. Kwa mzigo ule ule kwa kila mita, kunafuata urefu uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Kutoka sentimita 75 hadi 120, rafu inapinda zaidi ya mara sita. Nilimwandikia hesabu kwa penseli kwenye kipande cha mbao. Sijui kama hesabu ndiyo iliyomshawishi au ni uchovu wa kubishana na mwalimu, lakini rafu zikatoka 75, na hadi leo zimenyooka.

Miguu ina sentimita 15 ili ufagio upite na kijia cha mchwa kionekane mapema. Nyuma tumeacha nafasi ya vidole vinne hadi ukutani, hewa ipite. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, kitabu kinachobanwa kwenye ukuta baridi huota ukungu. Kwa kuwa nafasi hiyo ipo, fundi aliweka vipande vya mbao juu kabisa, akavifunga kwa kona za chuma na skrubu zilizoingia kwenye plagi ndani ya matofali. Hapo sikutaka mzaha. Mtoto akiona rafu anaona ngazi.

Kupanga sasa. Nilikuwa nimeona picha za sebule za watu ambao vitabu vyao vimepangwa kwa rangi, vyeupe huku, vya buluu kule. Inapendeza, na inafaa kwa mtu asiyesoma. Sisi tulipanga kwa mikono: nani anachukua nini, na mkono wake unafika wapi. Msahafu na tafsiri ziko rafu ya juu kabisa, peke yake, hakuna kinachowekwa juu yake. Rafu inayolingana na kifua changu ni ya vitabu vya shule, kwa sababu ndivyo vinavyotoka na kurudi kila jioni. Pepa za UNEB, baraza la mitihani la Uganda, za miaka iliyopita ziko kwenye majalada magumu yenye lebo ubavuni, la sivyo zinageuka karatasi za kufungia karanga. Vya mume wangu viko juu ya hapo, yeye ni mrefu. Chini ni vya watoto, na vya yule mdogo nimevisimamisha vikiangalia mbele, jalada lionekane, maana yeye hasomi mgongo wa kitabu, anatafuta picha ya tembo. Vizito kama atlasi vimelala chini kabisa, vinalipa kabati uzito.

Ndani ya kila rafu mada ndiyo inayotangulia, kisha kimo. Migongo yote nimeivuta mbele hadi vidole viwili kutoka ukingoni, hata kwa vitabu vyembamba. Hili ni jambo dogo lakini ndilo lililobadilisha sura ya sebule kuliko kitu kingine: vitabu vilivyosukumwa hadi nyuma huacha mashimo yasiyolingana, na mbele panakuwa pa kuwekea funguo, chaja na risiti. Kila rafu ina nafasi tupu upande mmoja. Hapo ndipo kawa moja limesimama limeegemea nyuma, au rundo la vitabu vitatu vimelala na kibuyu kidogo juu. Makawa mengine yamepachikwa ubavuni mwa kabati kwa ndoano, mama anayafikia bila kuinama.

Nilifikiria kufunika mgongo wa kabati kwa lubugo, ile nguo ya gome la mti wa mutuba ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2005. Rangi yake ya udongo ingekaa vizuri na mvule. Wifi yangu, mke wa kaka, ni Muganda. Akaishika, akaniangalia. "Dada, kwetu hii tunafungia maiti." Najua ina kazi nyingine za heshima, hata za kusimika kabaka, mfalme wa Buganda, lakini sebuleni kwangu wageni wa Kiganda ni wengi. Tukapaka rangi ya maziwa.

Vumbi la barabara ya Gulu halina dawa. Januari na Februari watoto hufuta kwa zamu, kila mmoja rafu zake, kwa kitambaa kikavu.

Kwenye msumari wa pembeni inaning'inia daftari ya wanaoazima. Mume wangu aliona ni kuwadharau majirani. Sasa yeye ndiye anayewapa kalamu. Kamusi yetu kubwa haijarudi tangu Idi, lakini jina limo, na mama mkwe amesema atapita huko mwenyewe akitoka sokoni.