Minyoo Waliobaki Chini ya Mrija

Tulikuwa tukiwatenganisha minyoo duara wa baharini na mashapo ya wangwa ili tuwahesabu, na mzunguko wa tatu wa sentrifuji, mashine inayozungusha mirija kwa kasi, ulikuwa umekwisha. Mrija wa kwanza na wa pili tulishaimwaga, mabaki yakiwemo, tukashika wa tatu, na pale chini, katikati ya chembe za mchanga, kulikuwa na vidoa vya waridi. Sampuli zote tulikuwa tumezitia rangi ya Rose Bengal siku mbili kabla, hivyo kila mnyama aliyehifadhiwa na nyama yake alikuwa amekolea waridi. Waridi ilipaswa kuwa juu, kwenye kimiminika kizito kinachowaelesha minyoo huku mchanga ukizama. Chini palitakiwa mchanga mtupu.

Mashapo hayo tuliyachota maji yakiwa yamekupwa, katika vituo 4, kuanzia mlango wa wangwa penye mchanga hadi ndani kabisa penye tope jeusi linalonuka kama yai viza. Kila kituo kilikuwa na marudio 3, yaani mirija 12 kwa jumla. Bomba letu la plastiki lilikuwa na kipenyo cha ndani cha sentimita 3.6, kwa hiyo mdomo wake ulikata eneo la takriban sentimita 10 za mraba, kipimo ambacho wengi hukitumia kuandikia idadi ya minyoo duara wa baharini. Tulilizamisha sentimita 5. Bomba la namna hii halipigwi chini. Likienda kwa kasi, maji yanayotangulia mdomo wake hupeperusha utando laini wa juu, na kwenye tope lisilo na hewa minyoo wengi hukaa humo humo, ndani ya sentimita 2 za kwanza. Kabla ya kulichomoa unaziba juu kwa kizibo cha mpira, kisha unapitisha mkono ubavuni uzibe chini. Kwenye tope unaweza kusahau kizibo ukasalimika. Kwenye mchanga yote humwagika njiani.

Bomba la nne la kila kituo lilienda kwenye barafu kwa ajili ya kupima ukubwa wa chembe na viumbehai vilivyooza. Mengine tuliyahifadhi papo hapo kwa fomalini: sehemu 1 ya ile ya dukani kwa sehemu 9 za maji ya wangwa yaliyochujwa, pamoja na boraksi kidogo ili isigeuke asidi. Anayetaka kusoma DNA aweke kando sehemu nyingine ndani ya ethanoli kali, kwa sababu fomalini huiharibu.

Maabara tuliosha kwa machujio mawili, la milimita 1 juu na la mikromita 38 chini. Wapo wanaotumia la mikromita 63 kwa kuwa halizibi upesi. Ni kweli halizibi, lakini mnyoo mwembamba hupita kichwa kwanza kama uzi tunduni, na wachanga ndio wa kwanza kupotea. Tuliosha kwa maji baridi muda mrefu mpaka chumvi yote ikaisha. Hapo hapatakiwi uvivu: Ludox, yaani kile kimiminika kizito chenye chembe ndogo mno za silika zinazoelea majini, ikikutana na chumvi huganda kama uji uliolala, na sampuli iliyoganda humo ni kazi kubwa kuiokoa.

Kwa hiyo tulipoiona waridi, kwanza tulishuku chumvi. Tukautikisa mrija. Kimiminika kilikuwa chepesi, hakuna bonge. Tukashuku mwendo wa mashine, nao ulikuwa sawa: mizunguko 3,000 kwa dakika, dakika 10, bila breki, maana breki huyavuruga mashapo yaliyokwisha kutulia. Ndipo mmoja wetu akaleta haidromita, kifaa cha kupima uzito wa kimiminika, ambayo asubuhi hakuna aliyeona haja ya kuitoa kabatini. Ilisoma gramu 1.14 hivi kwa mililita, wakati sisi tulihitaji 1.18.

Kosa lilikuwa kwenye kadi iliyobandikwa ukutani. Ilisema ujazo 45 wa Ludox kwa 55 wa maji, na hesabu hiyo ni sahihi kabisa kwa ile ya aina ya TM-50, ambayo mililita yake ina uzito wa karibu gramu 1.4. Chupa iliyokuwa mezani ilikuwa ya aina ya HS-40, yenye gramu 1.3 hivi. Kwa chupa hiyo, 45 kwa 55 hukupa 1.135 tu. Ilitakiwa 60 kwa 40.

Mtu angesema tofauti ya 0.04 ni ndogo, tuzidishe idadi kidogo mambo yaishe. Haiwezekani, kwa sababu minyoo hawazami kwa kura. Tulipoyatazama mabaki ya mrija wa tatu kwenye sahani yenye miraba, waliolala chini walikuwa hasa wenye ngozi nene yenye mikunjo, wa jenasi za Spirinia na Metachromadora, wakubwa wa Oncholaimus, na baadhi ya Daptonema walioshiba chembe. Wembamba walikuwa wamekwishaelea kwenda zao.

Tuliyaosha upya mabaki ya mirija 10 iliyobaki, tukachanganya 60 kwa 40, tukapima kabla ya kumimina. Mashapo hayakuzidi robo ya mrija, tukakoroga hadi bonge la mwisho livunjike, tukazungusha mara 3 na kuvikusanya vilivyoelea kwenye chujio la mikromita 38. Kwenye mirija ya tope takataka za mimea zilielea pamoja na minyoo, nazo hazina dawa ila subira na sindano nyembamba.

Kutoka kila mrija tuliokota minyoo 120, mraba kwa mraba, bila kuchagua, kwa sababu jicho hupenda wakubwa. Kisha ukaja mwendo wa kuwaingiza kwenye gliserini: fomalini yenye gliserini sehemu 1 kwa 100, halafu ethanoli yenye gliserini sehemu 5 kwa 100, mwisho nusu kwa nusu, ethanoli ikiachwa iondoke taratibu kwenye joto la nyuzi 35 hadi 40. Ukiharakisha, mnyoo hunywea kama puto lililotoboka, na amfidi, lile umbo la kando ya kichwa linalotenganisha jenasi nyingi, halionekani tena.

Kituo cha ndani kabisa hakikubadilika sana baada ya marekebisho: Terschellingia na Sabatieria walitawala kabla na wakatawala baadaye. Cha mlangoni ndicho kilichogeuka. Kwa orodha ya kwanza kilikaribia umaskini wa tope jeusi, na katika makundi ya ulaji ya minyoo duara aliyoyapanga mtafiti Wieser mwaka 1953, wawindaji, kundi la 2B, walikuwa karibu hawapo. Tungeandika kwamba wangwa lote limechoka.

Mirija miwili tuliyokwisha kumwaga ilikuwa ya kituo hicho hicho. Tulirudi bamvua lililofuata kuchota marudio mawili mengine, na kwenye jedwali yana safu yake yenye tarehe tofauti. Hatukuyajumlisha na ule mrija mmoja uliosalia.