Nilivyoweza kubaki kwenye mfuko wa masoko yanayoibukia miaka yote hii

Niliingia kwenye mfuko wa hisa za masoko yanayoibukia mwisho wa 2007, yaani mfuko unaokusanya hela za watu wengi na kununua hisa za kampuni za nchi kama China, India na Brazil, na niliweka hela yangu yote ya akiba kwa mkupuo. Kilichonivuta ni grafu ya miaka 5 iliyopita. Kuanzia 2003 mpaka 2007 indeksi ya MSCI ya haya masoko (kipimo cha jumla cha bei za hisa zake, kinachotolewa na kampuni ya MSCI), kwa hesabu ya dola na gawio likiwemo, yaani ile faida kampuni inayowagawia wenye hisa, ilipanda kila mwaka bila kukosa, kama asilimia 56, alafu 26, 34, 32, 39, yaani aliyeanza na 100 alimaliza na zaidi ya 480, sasa ukiona kitu kama hicho na hamna mtu wa kukuelekeza unaona kabisa kwamba umechelewa, unataka kuwahi.

2008 soko likashuka asilimia 53. Mwaka mmoja tu huo. Mke wangu akaniuliza, "Zile hela bado zipo?" nikamwambia zipo ila ni nusu, akanyamaza, na ule ukimya wake uliniuma kuliko hata hasara yenyewe. Februari 2009 nikashindwa kuvumilia nikauza nusu ya vipande vyangu, yaani sehemu zangu kwenye mfuko. Na mwaka huohuo wa 2009 soko likapanda karibu asilimia 79, mimi nikiwa nimebaki na nusu tu ya vile nilivyokuwa navyo.

Hapa kuna hesabu ambayo naombeni kila mtu aifanye kwa mkono wake kabla hajaweka hata senti. Chukua 100. Ikishuka asilimia 53 inabaki 47. Hiyo 47 ikipanda asilimia 79 inafika 84. Watu wanasikia "imepanda 79" wanadhani hasara imefutika na faida imebaki juu, kumbe bado uko chini ya ulipoanzia. 2010 ikaongeza kama 19 ndo ikarudi 100. Kwa hiyo aliyeingia mwisho wa 2007 na hakugusa kitu alisubiri miaka 3 kurudi palepale, na mimi niliyeuza katikati sikurudi.

Baada ya hapo nilikaa chini na eksel nikaandika matokeo ya kila mwaka tangu indeksi ilipoanza, 1988, enzi hizo ikiwa na nchi 10 tu. Ilinichukua wikiendi mbili na ndo wikiendi zilizonisaidia kuliko ushauri wote niliowahi kupewa. Nilichokiona ni kwamba ule wastani wanaoutaja, kama asilimia 10 kwa mwaka, umebebwa na vipindi vichache sana. Miaka ile ya mwanzo mpaka 1993 (1993 peke yake ilikuwa zaidi ya asilimia 70) alafu 2003 mpaka 2007 alafu 2009. Na miaka ile ya mwanzo mtu wa kawaida alikuwa hana namna rahisi ya kuinunua hiyo indeksi, mfuko wa Vanguard, kampuni ya mifuko ya Marekani, unaofuata indeksi ya masoko haya (unanunua hisa zilizomo kwenye indeksi bila meneja kuchagua) ulifunguliwa 1994, na angalia aliyeingia mwanzo wa 1994 alikutana na nini, mgogoro wa Asia ulioanzia Thailand Julai 1997, Urusi ikashindwa kulipa madeni yake Agosti 1998, 1999 ikapanda zaidi ya 60 watu wakafurahi, 2000 ikaanguka tena kama 30, mpaka mwisho wa 2002 yule mtu miaka 9 imepita na kama theluthi moja ya hela yake haipo. Miaka 9 jamani. Huyo naye yumo ndani ya ule wastani.

Kitu kingine ni kupokezana. 2000 mpaka 2009 hisa za kampuni kubwa za Marekani, zile za indeksi ya S&P 500, zilimaliza miaka 10 zikiwa chini kidogo hata ukihesabu gawio, masoko yanayoibukia yakatoa kama asilimia 10 kwa mwaka. Miaka 10 iliyofuata ikageuka, Marekani zaidi ya 13 kwa mwaka, masoko yanayoibukia kama 4. Mtu anayeangalia miaka 10 iliyopita ili achague pa kuingia angekuwa amekosea mara zote mbili.

Nikajiuliza sana kuhusu China, maana uchumi umekua kwa kasi ile miaka na miaka, mbona hisa zake hazikufuata? Jibu nililolipata ni kwamba uchumi kukua ni jambo moja na faida ya kila hisa kukua ni jambo lingine. Kampuni zinauza hisa mpya kila mara, kipande chako kinakuwa kidogo zaidi kwenye keki ileile, na nyingi ni za serikali ambazo mwenye hisa mdogo sio wa kwanza kufikiriwa. Siku hizi mtu akiniambia niweke hela nchi fulani kwa sababu uchumi wake unakua haraka, namuuliza kuhusu faida kwa hisa.

Nilichofanya ni hiki. Mfuko wa kwanza ulikuwa unanikata ada karibu asilimia 2 kwa mwaka, nikahama kwenda unaofuata indeksi kwa ada ndogo, maana ukitoa 2 kwenye faida ya 4 umempa meneja nusu nzima. Nikaweka kiwango, masoko haya yasizidi sehemu ya kumi ya hisa zangu zote, ambayo inakaribiana na uzito wao kwenye soko la hisa la dunia. Na nikaacha mkupuo, nanunua kila mwezi. Mara moja kwa mwaka narudisha uwiano, yakizidi kiwango napunguza, yakipungua naongeza.

Mtihani ulikuja haraka, 2013, 2014, 2015, miaka mitatu mfululizo chini, na huo wa mwisho kama asilimia 15. Niliendelea kununua, kiukweli sio kwa ujasiri, ni kwa sababu eksel ilikuwa imeshanionyesha kipindi kama hicho. Vile vipande vya bei ya chini ndo vilivyonibeba 2017 soko lilipopanda 37. Kile kilele cha Oktoba 2007, ukiacha gawio, indeksi ilikuja kukivuka mwanzoni mwa 2021, zaidi ya miaka 13, na wakati huo mimi nilikuwa kwenye faida muda mrefu kwa sababu vipande vyangu vingi nilivinunua chini ya hapo.

Machi 2022 hisa za Urusi ziliondolewa kwenye indeksi kwa bei ambayo ni sawa na sifuri. Nchi nzima. Mke wangu akaniuliza tena lile swali lake, safari hii nikamfungulia eksel akaona mwenyewe, hasara ilikuwa ndogo maana Urusi ilikuwa na uzito mdogo ndani ya sehemu ambayo yenyewe ni moja ya kumi. Akasema haya, endelea. Mwezi uliofuata nikanunua kama kawaida.