Kupima usikivu wa kichanga: makosa huanzia kwenye probu

Kichanga huwezi kumwambia anyooshe mkono akisikia mlio. Kinachopimwa ni sikio lenyewe. Mwaka 1978 David Kemp, akiwa London, alionyesha kuwa sikio la ndani likipelekewa sauti hujibu kwa mwangwi hafifu sana. Mwangwi huo hutokana na seli za nje zenye vinyweleo ndani ya koklea, sehemu ya sikio la ndani yenye umbo la konokono. Seli hizo zikifa, nao hutoweka. Hicho ndicho kipimo cha OAE: probu yenye spika na maikrofoni huwekwa sikioni, kisha mashine husikiliza jibu.

Majibu mengi mabaya ya siku ya kwanza hayana uhusiano na koklea. Mfereji wa sikio bado una utando mweupe wa kuzaliwa nao, na nyuma ya ngoma kuna majimaji. Subiri saa 24, zikifika 48 ni bora zaidi. Mtoto anyonye kwanza, afunikwe vizuri, alale. Vuta sikio taratibu kuelekea chini na nyuma, kisha weka probu yenye kifuniko cha mpira kinachoziba kabisa. Kifuniko kidogo mno huruhusu kelele za wodi kuingia, na sauti nzito huvuja. Mashine ikilalamikia kelele, usikimbilie kubonyeza tena: chomoa probu utazame vitundu vyake, maana chembe moja ya uchafu yatosha kuviziba. Na kurudia mara kumi mpaka "apite" si kupima tena, ni bahati nasibu. Mara mbili kwa kila sikio zinatosha, kisha mpe mama tarehe ya kurudi.

OAE inaishia kwenye koklea. Mshipa wa fahamu haiugusi. Kwa hiyo mtoto aliyelazwa wodi ya wachanga mahututi zaidi ya siku 5, au aliyebadilishiwa damu kwa sababu ya manjano, apimwe kwa ABR: elektrodi tatu kwenye ngozi iliyosafishwa, milio ya desibeli 35, mashine isome mawimbi ya mshipa na shina la ubongo. Huyu asipopita ABR, usimrudishe kwenye OAE kutafuta jibu zuri. Mshipa ukiwa mbovu na koklea nzima, OAE itampitisha.

Ratiba ni 1-3-6: kupimwa kabla ya mwezi 1, uchunguzi kamili kabla ya miezi 3, msaada kuanza kabla ya miezi 6. Virusi vya CMV, ambavyo mtoto akizaliwa navyo vinaweza kumharibia usikivu, havingoji ratiba hiyo: mate au mkojo uchukuliwe ndani ya siku 21 tangu kuzaliwa. Zikipita, huwezi tena kujua kama mtoto alizaliwa navyo au aliambukizwa baadaye.