Mungu wa Suwa Naye Alikuja Mgeni

Jumanne dalali wa tatu ameninyima nyumba. Hakuficha: mwenye nyumba hataki wageni. Barua ya kiwandani kaisoma, mshahara kauona, Kijapani changu kakisikia, kisha akainama kwa adabu zote na kunirudishia karatasi zangu. Mnaolalamikia kodi ya miezi sita Sinza, hiyo miezi angalau mnaikaa. Huku Japani kuna pesa inaitwa reikin, shukrani kwa mwenye nyumba, mara nyingi sawa na kodi ya mwezi mzima, na ukishaitoa imekwenda. Bado dhamana, bado ada ya dalali. Unayejiandaa kuja, usihesabu tiketi na viza tu. Weka kando kodi ya miezi minne au mitano, na ujue hata hivyo unaweza kukataliwa.

Siku ile kazini sikuongea na mtu. Mzee mmoja wa zamu yetu, mzaliwa wa hapahapa Suwa, mkoa wa Nagano, akaniona. Tulipotoka akanipeleka Honmiya, moja ya mahekalu manne ya Suwa Taisha yaliyo kandokando ya Ziwa Suwa. Miaka mitatu nimekuwa nikipita nje tu.

Anayeabudiwa humo ni Takeminakata, mungu wa vita. Kojiki, kitabu kilichoandikwa kwa amri ya ikulu mwaka 712, kinamtaja kuwa mwana wa Okuninushi, bwana wa nchi. Wajumbe wa mbinguni walipokuja kuidai nchi hiyo, yeye alikataa, akawajia amebeba jabali kwa ncha za vidole. Akamkamata mkono Takemikazuchi, mmoja wa wajumbe hao, na mkono ule ukageuka barafu, kisha upanga. Zamu ya mwenzake ilipofika, mkono wa Takeminakata ukapondwa kama tete changa. Alikimbia mpaka kwenye ziwa hili, akaomba asiuawe, akaapa kwamba hatatoka Suwa kamwe.

Nikamuuliza mzee, mnamwabudu aliyeshindwa? Akatikisa kichwa. Hayo ni ya kitabu cha ikulu. Masimulizi ya hapa yanasema Takeminakata alifika mgeni, akamkuta Moriya, mungu wa wenyeji, wakapigana, mgeni akashinda. Ukoo wa Suwa ukamhesabu kuwa babu yao, na kuhani mkuu aliyetoka katika ukoo huo akaonekana kuwa ndiye mungu mwenyewe mwenye mwili. Ukoo wa Moriya nao haukufukuzwa. Uliendelea kushika matambiko kizazi baada ya kizazi, hadi serikali ya Meiji, ya karne ya kumi na tisa, ilipofuta ukuhani wa kurithi. Hapo ndipo moyo wangu uliposimama: mgeni kapewa mahali, na mwenyeji hakupoteza pake.

Mimi ni mtu wa Iringa. Fuvu la Mkwawa, chifu wetu aliyepigana na Wajerumani, liko Kalenga, na sijawahi kusubiri kitabu cha Mjerumani kiniambie babu yangu alikuwa nani. Nilimwelewa mzee bila kamusi.

Akanisimulia na ya Takeda Shingen, mbabe wa vita aliyeuvunja utawala wa ukoo wa Suwa mwaka 1542 na kumlazimisha mkuu wao Yorishige ajiue. Baadaye Shingen huyohuyo akawa anakwenda vitani na bendera yenye jina la mungu wa Suwa. Ukoo aliuvunja, kisha yeye akamhitaji babu yao.

Ziwa likiganda vizuri, barafu hupasuka na kuinuka kama tuta refu. Watu husema ni njia ya mungu akienda kwa mkewe, ng'ambo. Kumbukumbu zake zimewekwa tangu 1443. Ilitokea 2018, kisha miaka saba mfululizo, 2019 hadi 2025, ikakosekana, na mzee akilisema hilo sauti inashuka kama anayetaja msiba wa nyumbani.

Ijumaa akanifuata kwa dalali wa nne, akatoa muhuri wake, akawa mdhamini wangu. Sikumwomba. Kwetu hiyo ni kazi ya baba mdogo, na ndivyo nilivyomwambia. Funguo ninazo.

Ila ana sharti. Kila mwaka wa sita hukatwa magogo makubwa, manne kwa kila hekalu, yakavutwa kwa kamba na mikono ya watu na kusimamishwa kwenye pembe zake. Zamu ijayo ni 2028. Amesema Aprili ya mwaka huo nisiombe likizo ya kwenda Iringa, kamba ya mtaa wetu ina nafasi yangu.