Nilivyotengeneza lebo zangu za nguo, na gauni la watu nililoharibu njiani

Mi nashona nguo za watoto nyumbani, Tabata, magauni ya kitenge na vishati vya kiume. Mwaka 2019 nikapeleka magauni 12 kwa dada mmoja mwenye duka Sinza, akageuza shingo ya la kwanza, akageuza la pili, la tatu, afu akaniangalia, "Mdogo wangu, hata mtumba una lebo."

Iliniuma kwa sababu ni kweli, mtu akiwa anachambua mtumba kitu cha kwanza anaangalia shingoni.

Kesho yake nikazama Kariakoo kuulizia zile lebo za kufumwa, jina limefumwa na uzi kabisa, nikaambiwa ni za kuagiza na oda inaanzia vipande 1000. Kipindi hicho nilikuwa natoa nguo kama 30 kwa mwezi, kwaiyo hesabu mwenyewe ningezimaliza lini.

Nikajiona mjanja. Nikachongesha muhuri wa jina, nikanunua ribini nyeupe ya satini na wino wa bluu ule wa maofisini, jioni nimekaa sebuleni nagonga tu, zilitoka nzuri mpaka nikazipiga picha kuwaonyesha watu. Moja nikaiweka kwenye gauni jeupe la komunyo. Baada ya siku kama nne mama wa yule mtoto ananipigia, "Dada, nimeliloweka, bluu imeshuka toka shingoni mpaka kiunoni." Nilirudisha hela na nikashona lingine, hapo kitambaa juu yangu. Wino wa muhuri ni wa karatasi, ukikutana na maji ya sabuni unaondoka, ukaushe juani ukaupige na pasi ni kazi bure. Na ile satini nayo usipoichoma ncha inafumuka, ukiichoma na mshumaa inaacha kigamba kigumu ambacho kinamchoma mtoto shingo siku nzima, binti yangu mwenyewe aliivua nguo mbele ya wageni.

Jaribio la pili ni karatasi za kuhamishia picha kwenye tisheti. Hapa sina maneno mengi. La kwanza nilisahau kugeuza maandishi kabla ya kuprinti, jina likatoka kinyumenyume kama maandishi ya mbele ya gari la wagonjwa. La pili nilipiga pasi yenye mvuke wakati inatakiwa kavu na juu ya meza ngumu sio kwenye godoro kama nilivyofanya. La tatu likashika, ila baada ya kufuliwa mara tano likaanza kupasuka kama rangi ya ukuta. Huku kwetu nguo inafikichwa kwa mikono, na ndo mtihani wenyewe, sio mashine.

Kilichonitoa ni fundi mmoja wa kuchapa tisheti. Alinicheka kwanza, afu akaniambia niache karatasi na mihuri, anitengenezee skrini, ile fremu yenye neti, jina lijirudie mara 40 kwenye fremu moja, nikachapie mwenyewe nyumbani kwa rangi ya kitambaa. Kitambaa nikachagua marekani, ile ya mifuko na foronya, ni pamba, laini, haimwashi mtoto. Unatandika juu ya meza, unaweka skrini, unamwaga rangi upande wa juu kama mstari, unavuta na ile raba mara moja tu kwa mkono mmoja usiotetemeka, ukivuta mara mbili herufi zinavimba. Ukimaliza kimbia na skrini bombani, rangi ikikaukia kwenye neti imeziba jumla. Acha zikauke mpaka kesho afu pitisha pasi ya moto wa pamba juu ya kitambaa kingine, taratibu, dakika kadhaa kila eneo. Huo moto ndo unaoifunga rangi, mi niliruka hiyo hatua kwenye fungu la kwanza na zikapauka.

Kingine, loweka marekani usiku kucha kabla hujachapa! Inasinyaa. Nilishona lebo kwenye vishati sita bila kuiloweka, vilipofuliwa lebo ikajivuta na shingo nzima ikakunjamana, nikafumua zote sita.

Majaribio nafanyia nguo za humu ndani. Bukta za mume wangu zote zina lebo yangu, zimefuliwa na omo, na jiki, zimeanikwa jua la saa saba, jina bado linasomeka.

Sasa kosa la mwisho ambalo halihusiani na rangi kabisa. Niliweka na namba ya simu chini ya jina. Laini yenyewe ilisajiliwa na kaka zamani, na Januari 2020 zilipozimwa laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole na ya kwangu ikaenda, kaka yuko safarini, mi nimeshakata na kukunja lebo 200 na ushee. Nilizikata ile sehemu ya namba moja moja na mkasi huku nasonya.

Siku hizi naishona kwenye mshono wa ubavuni badala ya shingoni, umri wa mtoto nauandika nyuma kwa peni ya kitambaa. Skrini ni ileile, namba nimeiziba na solotepu kwa chini, linatoka jina tu.